UZI: Misimu saba ya baridi Benton County, Iowa. Baridi mtaizoea, jifunzeni upepo

Mwana_Makambako (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitafuta inbox. Kapata kazi huku Iowa, atafika mwezi wa tatu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, baridi ya huko inafika ngapi?" Nikaanza kumjibu, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nikaona heri niulete hapa jamvini, maana swali hilo nimeulizwa mara nyingi na kila mara naona mtu anajiandaa kwa jambo moja, halafu linalokuja kumtikisa ni jingine.

Naishi Benton County, mashariki ya kati ya jimbo la Iowa, Marekani. Makao makuu ya kaunti ni Vinton, mji mdogo kando ya mto Cedar. Kaunti nzima ina watu kama 25,000. Kwingine kote ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Barabara za changarawe zimekatwa mraba kama daftari la hesabu, kila maili moja njia panda. Mimi nafanya kazi kwenye vihenge vya nafaka, vile virefu vya chuma. Nimezaliwa Makambako, kwa hiyo upepo na mahindi vyote vilinilea.

Tuanze na baridi, maana ndiyo mnayoisubiri. Nilifika Novemba 2018. Januari 2019, tarehe 30 na 31, ikashuka baridi ambayo hata wazee wa hapa waliizungumzia mwaka mzima. Jirani zetu wa Illinois, mji wa Mount Carroll, walisoma Fahrenheit 38 chini ya sifuri, yaani karibu nyuzi 39 za Selsiasi chini ya sifuri. Ikawa rekodi ya jimbo lao. Huku kwetu Posta ilisitisha kupeleka barua sehemu kubwa ya Iowa. Nilitoka nje asubuhi kuwasha gari. Nilipovuta pumzi vinyweleo vya puani vikaganda vikashikana. Kope nazo, ukifumba jicho linagoma kidogo kufumbuka. Theluji ilikuwa inalia chini ya kiatu kama mtu anakanyaga maboya ya plastiki. Nimekua naiona baridi ya Makete na umande ulioganda wa Kitulo, lakini hii ni kitu kingine kabisa.

Lakini wakuu, baridi ile ina dawa. Nyumba ina tanuru la gesi. Mabomba ya maji yamefukiwa zaidi ya mita moja chini, kwa sababu ardhi yenyewe huganda kwenda chini. Unanunua koti, unanunua buti, unajifunza kuacha bomba la jikoni lidondoe usiku maji yasigande ukutani, na kufikia Februari ya pili mwili umeshakubali.

Upepo hauna dawa. Ndio unaoamua kila kitu huku.

Angalieni ramani. Kutoka kaskazini ya mbali ya Canada hadi Ghuba ya Meksiko kule kusini hakuna mlima hata mmoja uliolala kukinga njia. Milima mikubwa ya magharibi imesimama kaskazini-kusini, kwa hiyo kwa hewa ya baridi ni kama kuta za korido. Sisi tupo katikati ya korido hiyo, na bahari ipo mbali sana, hakuna maji mengi karibu ya kutuliza joto wala baridi. Upepo ukitoka kusini unaleta joto na unyevu. Ukigeuka kaskazini-magharibi, ndani ya saa moja unaweza kushuka nyuzi kumi na kitu. Aprili nimewahi kuingia kazini na fulana, nikatoka jioni natafuta koti huku theluji inapita mlalo mbele ya macho yangu.

Kitu kimoja kilinifungua macho. Tazama nyumba yoyote ya shambani huku, ya zamani. Miti imepandwa mistari minene upande wa kaskazini na upande wa magharibi. Kusini na mashariki wazi. Waliojenga hawakuhitaji kuambiwa na mtu, upepo uliwafundisha.

Theluji yenyewe si nyingi mnavyofikiri, kwa msimu mzima ni kama sentimita 75 hadi 80. Shida ni kwamba haikai ilipoangukia. Siku jua linawaka na mbingu ni buluu, hakuna tone linaloanguka, upepo unaokota theluji ya jana shambani na kuitembeza juu ya barabara mpaka huoni boneti ya gari lako. Hapo ndipo watu wanapotea wakiwa mita chache kutoka nyumbani.

Nikirudi nitaeleza kiangazi, ndiyo sehemu niliyotaka hasa kuifikia. Agosti 2020.

---

MamaWawili_Ilala

Asante kaka kwa uzi. Mume wangu yuko Iowa tangu mwaka jana, mimi na watoto tunasubiri karatasi. Wana miaka 6 na 9. Hilo la kusubiri basi la shule nje kwenye baridi linaninyima usingizi. Watoto wanavaaje?

---

Mwana_Makambako

Dada, swali zuri sana, na utalala. Kwanza ujue shule zinafuatilia hali ya hewa kuliko sisi. Ikiwa mbaya wanachelewesha kufungua saa mbili nzima, au wanafunga siku hiyo, na ujumbe unaingia kwenye simu mapema alfajiri. Hutaamua peke yako.

Pili, usiangalie joto peke yake, angalia joto pamoja na upepo. Idara ya hali ya hewa ya hapa ina jedwali lake: ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unaona kama ni 28 chini, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kwa hiyo masikio, pua, vidole. Mpe kofia inayofunika masikio, na glavu zile zisizogawanya vidole, maana vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Nguo nyingi nyembamba zinazidi nguo moja nene. Soksi za pamba usimvalishe, zikilowa jasho zinageuka barafu. Tafuta za sufu. Suruali ya theluji anavaa juu ya ile ya shule, akifika anaivua anaitundika. Watoto wa huku wanafanya hivyo wenyewe toka chekechea.

Na usinunue makoti Kariakoo kuja nayo. Hata lililo zito kabisa pale halikutengenezwa kwa ajili ya huku. Waje na sweta za kuvaa safarini kwenye ndege, mengine mume anunue hapa. Mwezi wa pili na wa tatu maduka yanashusha bei.

---

Lori_la_Nakuru

Naungana na mwenye uzi. Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu, barabara ya I-80 inayokata Iowa toka mashariki hadi magharibi naijua kama njia ya kwenda kwa shosho. Hilo la theluji kutembea barabarani ndilo limenitesa zaidi.

Mwaka wa kwanza sikuelewa. Niliona anga safi, nikasema twende. Saa moja baadaye sioni mbele wala nyuma, naona tu weupe. Niliingia kituo cha malori nikakaa pale saa kumi na nne. Kulikuwa na magari mengi yametupwa pembeni ya barabara kama vidude vya kuchezea.

Mtu mwenye gari dogo akikwama, haya nayasema kwa herufi kubwa: USITOKE KWENYE GARI KUTEMBEA. Utapotea hatua ishirini. Kaa ndani, washa injini dakika chache kila saa, lakini kabla ya kuwasha shuka uhakikishe theluji haijaziba bomba la moshi, maana ule moshi ukirudi ndani una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukushtua. Weka kwenye buti ya gari blanketi, maji, tochi, koleo na kitu cha kutafuna, kuanzia Novemba hadi Aprili. Na tenki lisishuke chini ya nusu.

Dizeli nayo inaganda ikawa kama samli. Kuna dawa ya kuchanganya, lakini uiweke kabla, si baada.

---

Ndugu_wa_Uvira

Ndugu zangu, nasoma hapa na roho inarudi nyuma. Mimi nipo Cedar Rapids, upande wa mashariki tu wa Benton. Nasubiri ndugu afike kwenye Agosti 2020 nami niongeze yangu.

---

Mwana_Makambako

Haya, nimetoka kazini.

Kiangazi cha huku kinaanza kwa uzuri. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza saa 11 na nusu alfajiri na kuzama saa 3 kasorobo usiku. Vimulimuli vinajaa juu ya mashamba, watoto wanavikamata kwenye chupa. Kisha mahindi yanapanda. Julai ukisimama kando ya shamba jioni unahisi unyevu umekupiga usoni kama umefunua sufuria. Si hisia tu: ekari moja ya mahindi hutoa hewani lita kama 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku. Wenyeji wanasema mahindi yanatoka jasho. Jumlisha na unyevu unaopanda toka Ghuba ya Meksiko, unapata hewa nzito ambayo usiku haipoi. Hewa hiyo ndiyo petroli ya mvua za radi.

Mvua nyingi ya kiangazi huku hupiga usiku. Kuna upepo wa chini chini toka kusini unaoongeza kasi jua likishazama, unasukuma unyevu, mawingu yanajikusanya kule Nebraska au Dakota na kutufikia usiku wa manane. Utazoea kuamshwa na radi.

Tarehe 10 Agosti 2020 haikungoja usiku. Ilikuwa Jumatatu. Asubuhi kulikuwa na joto, hewa imesimama. Saa sita na kitu mchana nipo chini ya kihenge namba mbili nafagia punje zilizomwagika, redio ya hali ya hewa iliyoko ofisini ikaanza kulia. Simu yangu haikulia. Msimamizi wetu, mzee wa kazi, alitoka mlangoni akatazama magharibi, hakusema maneno mengi. Alisema tu tushuke chini, wote, sasa hivi.

Nami nikatazama. Magharibi kote, toka kona moja ya dunia hadi nyingine, kulikuwa na kitu kama ukingo wa rafu, kirefu, cheusi chenye kijani ndani yake. Chini ya ukingo ule hakukuwa na mvua bado, kulikuwa na ukungu wa rangi ya udongo. Majani ya mahindi ya shamba la mbele yaligeuka yote mara moja yakaonyesha mgongo wake mweupe. Hilo ndilo la mwisho kuliona kabla sijashuka ngazi.

Kule chini tulikuwa watu sita. Masikio yaliziba kama kwenye ndege. Halafu ule mlio. Nimesikia watu wakisema ni kama treni; mimi niliusikia kama mabati elfu yanaburutwa kwenye lami, bila kupumua. Nilikuwa nasubiri upite, kwa sababu upepo wa Makambako hata uwe mkali vipi unakuja na kupita. Huu ulikaa karibu dakika arobaini na tano. Dada mmoja wa mizani alikuwa amenishika mkono na sikuwahi kuzungumza naye kabla ya siku ile.

Tulipotoka, kihenge namba mbili kilikuwa kimekunjwa kiunoni kama kopo la soda lililokanyagwa. Kingine hakikuwepo mahali pake. Na mahindi, wakuu. Mahindi yaliyokuwa yamenipita kichwa, yenye magunzi yaliyokaribia kukomaa, yalikuwa yamelala yote, shamba baada ya shamba, vichwa vimeelekea mashariki kama mtu ameyachana kwa kitana. Jirani yetu mkulima alisimamisha gari barabarani, akashuka, akavua kofia. Alikaa hivyo muda mrefu.

Kitu kile kinaitwa derecho. Neno ni la Kihispania, maana yake moja kwa moja, kwa sababu upepo unapiga mstari mnyoofu badala ya kuzunguka. Aliyeliingiza kwenye elimu ya hali ya hewa alikuwa profesa wa hapa hapa Iowa, Gustavus Hinrichs, mwaka 1888. Ya 2020 ilisafiri karibu kilomita 1,240 kwa saa 14, toka Nebraska na Dakota Kusini hadi Ohio. Upepo mkali kuliko wote uliopimwa siku ile ulisomwa Atkins, ndani ya kaunti yetu: maili 126 kwa saa, zaidi ya kilomita 200. Hasara ya jumla ilikadiriwa dola bilioni 11. Idara ya kilimo ya jimbo ilisema maghala ya biashara yenye nafasi ya busheli zaidi ya milioni 57 yaliharibiwa, hiyo ni karibu tani milioni 1.4 za mahindi. Pale nilipofanya kazi tulitumia mwaka mzima kujenga upya.

Kwangu umeme ulikatika siku tisa.

---

Ndugu_wa_Uvira

Sasa mimi.

Cedar Rapids wanasema upepo ulifika maili 140 kwa saa, hiyo walikadiria kwa kuangalia majengo. Yetu lilikuwa mojawapo. Tulikuwa tunakaa ghorofa ya pili, familia nyingi pale ni za Congo, Burundi, na watu wa visiwa vya Pasifiki. Mke wangu alikuwa na watoto watatu nyumbani, mimi nimetoka zamu ya usiku nimelala. King'ora kikalia. Wakuu, naomba msikie hili vizuri: hatukujua king'ora kinataka tufanye nini. Tulipotoka sisi, king'ora maana yake ni kutoka mbio. Watu walitoka nje. Walisimama kwenye maegesho wakitazama wingu.

Mama mmoja Mmarekani, mzee, aliyekaa chini, alitoka akipunga mikono, akatusukuma wote chumbani kwake bafuni. Watu kumi na mmoja kwenye bafu moja. Paa la jengo liliondoka tukiwa mle. Nilisikia likiondoka.

Baadaye tulilala kwenye hema mbele ya lile jengo, siku nyingi, pamoja na majirani. Magazeti yaliandika habari zetu. Mji ule uliokuwa wa kijani ulipoteza zaidi ya nusu ya kivuli cha miti yake, mpaka leo ukipita mitaa mingine unaona anga tupu pale palipokuwa na miti ya miaka mia.

Kwa hiyo nikimpokea mgeni yeyote uwanja wa ndege, kabla ya habari ya kadi ya benki, namwonyesha chumba cha kujificha. King'ora cha huku maana yake INGIA NDANI, shuka chini, kaa mbali na madirisha.

---

MamaWawili_Ilala

Poleni sana ndugu yangu. Nimesoma mpaka machozi yamenitoka. Mungu ambariki yule mama.

---

Mwana_Makambako

Ndugu wa Uvira, nashukuru umeandika. Ningeandika peke yangu ungebaki uzi wa vihenge.

Niongeze kwa wanaokuja. Kwenye simu mtaona maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana: "watch" na "warning". La kwanza maana yake viungo vya dhoruba vimekamilika jikoni, kaa macho. La pili maana yake dhoruba ipo na inakuja kwako, jifiche sasa. Watu wengi wageni wanayachanganya. Na ile siku simu yangu haikulia kwa sababu wakati ule tahadhari ya mvua ya radi, hata iwe ya upepo mkali kiasi gani, haikuwa inapiga kengele kwenye simu zote kama ya tonado. Walibadilisha Agosti 2021: sasa mvua ya radi yenye upepo wa maili 80 kwa saa na kuendelea inapiga simu. Lakini nunua redio ya hali ya hewa. Ni bei ya jozi ya viatu, inatumia betri, inakuamsha usiku. Usimtegemee mtu atakayesema "mbona anga ni safi".

---

Kijana_wa_Kibada

Mkuu, hapo kwenye tonado. Si ndiyo kimbunga? Kama Hidaya kilichotupiga Mafia mwaka 2024?

---

Mwana_Makambako

Hapana mdogo wangu, na ni vizuri umeuliza, maana Kiswahili kinatuchanganya. Hidaya ni kimbunga cha baharini: kinapata nguvu kwenye maji ya moto, upana wake ni mamia ya kilomita, unaonywa siku kadhaa kabla. Tonado ni chamchela. Ile chamchela ya vumbi unayoiona uwanjani Dodoma, sasa ifikirie inashuka toka wingu la radi, ina upana wa mita mia kadhaa, inaishi dakika chache, na inaweza kung'oa nyumba ikabakiza sakafu. Unapata onyo la dakika kumi, kumi na tano, pengine chini ya hapo. Mei 2008 mji wa Parkersburg, kaskazini-magharibi ya hapa, ulipigwa na tonado ya daraja la juu kabisa, EF5. Derecho nayo haizunguki, inafagia eneo lote kwa pamoja. Ukiwa kwenye nyumba ya trela, kwa yote mawili, ondoka mapema uende jengo lenye msingi.

Na wala usidhani ni mambo ya kiangazi tu. Tarehe 15 Desemba 2021 joto lilipanda zaidi ya nyuzi 20, Desemba! Jioni yake ikapita derecho nyingine juu ya Iowa, ya kwanza kuwahi kuandikwa Marekani katika mwezi huo. Nilisimama dirishani sielewi kama nivae koti au nishuke chini.

---

Nahodha_Tumbatu

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba. Mimi sijafika huko wala sitarajii, lakini nimesoma uzi wote tangu alfajiri.

Mwenye uzi amesema watu wajifunze upepo. Sisi wa visiwani hatujui misimu kwa jina jingine. Ukisema kaskazi, umesema upepo na umesema miezi, toka Desemba hadi Machi. Ukisema kusi, vivyo hivyo. Na katikati kuna majira ya tanga mbili, upepo haujaamua, leo unatoka huku kesho kule, na ndiyo majira nahodha hatoki mbali na nchi. Nimesoma habari ya Aprili yako ya fulana na theluji siku moja, nikasema hii ni tanga mbili, tena ya nchi kavu. Je, huko mawimbi ya hewa hayo yanatabirika kwa siku ngapi? Na wazee wao wana dalili zao?

---

Mwana_Makambako

Marahaba... samahani mzee wangu, shikamoo. Umenipa neno nililokuwa nalitafuta miaka saba. Tanga mbili. Hawa wenyeji wanasema majira ya kuchipua, lakini kinachotokea hasa ni hicho: kaskazi na kusi ya huku zinagombana juu ya paa lako toka Machi hadi Mei.

Utabiri wa siku mbili tatu unaaminika sana. Ofisi ya serikali ya hali ya hewa inayotuhudumia iko Davenport, na wanasema ukweli. Siku saba, chukulia kama fununu. Derecho ile ya 2020 utabiri wa asubuhi haukuonyesha ukubwa wake. Ilijengeka ikiwa njiani.

Dalili za wazee zipo. Mkulima jirani yangu anaangalia ng'ombe: wakigeuza mgongo wote kaskazini-magharibi, anaingiza mashine ghalani. Akisikia sauti ya treni ya mji wa kusini karibu kuliko kawaida, anasema unyevu unakuja na upepo wa kusini. Nimemchunguza miaka mitano, hakosei mara nyingi.

---

Mkulima_Mbozi

Kamwene ndugu. Mimi nataka mahindi. Wanapanda lini, wanavuna lini, na wanakaushaje na hiyo baridi?

---

Mwana_Makambako

Kamwene mkuu. Sisi tunangoja mvua, wao wanangoja joto la udongo. Mwishoni mwa Aprili mkulima anachomeka kipimajoto ardhini asubuhi. Udongo ukifika nyuzi 10 na ukaelekea kupanda, anaingiza mashine. Kazi nzima ya kaunti inaisha katikati ya Mei kama mvua haijawazuia. Baridi ya mwisho ya kuua mche huwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, ya kwanza ya kuua jani inakuja mwanzoni mwa Oktoba. Kila kitu lazima kiingie katikati hapo.

Mvua kwa mwaka ni kama milimita 900, si mbali na ya Nyanda za Juu, ila yao nyingi inaanguka Mei hadi Agosti mahindi yanapoihitaji. Udongo ni mweusi, unashika maji. Hiyo ndiyo siri yao, si mbegu peke yake.

Kuvuna ni mwisho wa Septemba hadi Novemba. Usiku unaona taa za mashine shambani na vumbi la dhahabu linaelea ndani ya mwanga, na harufu ya mabua makavu inaingia mpaka chumbani. Ndio msimu ninaoupenda. Punje zinakuja kwetu na unyevu wa asilimia 18, 20, hata zaidi. Tunazikausha kwa vipuliza moto vya gesi mpaka karibu 15 ndipo zinaingia kihenge. Masika ikichelewesha kupanda, Oktoba yetu inakuwa ndefu na gesi inaisha mjini. Kwa hiyo upepo wa Aprili naulipa mimi Novemba.

---

Kijana_wa_Kibada

Mkuu, mimi ndiye niliyekuandikia inbox. Nimepata nyumba ya kupanga Vinton, bei nzuri sana, karibu na mto. Nichukue?

---

Mwana_Makambako

Ndiyo wewe! Karibu.

Kabla ya kulipa, uliza nyumba ilikuwaje Juni 2008. Wenyeji wote watakujibu bila kufikiri. Theluji ilikuwa nyingi msimu ule, masika ikawa ya maji, kisha mvua za Juni zikaja juu ya ardhi iliyoshiba. Mto Cedar ulifurika Vinton, na chini yake, Cedar Rapids, ulifika futi 31 na zaidi tarehe 13 Juni, kama mita tisa na nusu, wakati rekodi ya zamani ilikuwa futi 20. Septemba 2016 ukapanda tena, futi 22 kasoro kidogo. Kaunti ina ramani ya maeneo ya mafuriko, nenda mahakama ya kaunti uombe kuiona, ni bure. Uliza pia kama nyumba ina chumba cha chini, na kama chumba hicho kinaingia maji, maana unachohitaji Agosti ni hicho hicho.

Utafika Machi, sivyo? Basi koti zito utalitumia wiki chache tu. Machi barafu ya ardhini inayeyuka kuanzia juu, chini bado imeganda, maji hayana pa kwenda. Barabara za changarawe zinakuwa uji, gari linazama mpaka ekseli. Njoo na mabuti ya mpira ya kufika gotini. Halafu Jumapili ya pili ya mwezi huo saa zao zinasogezwa mbele, kwa hiyo simu ya nyumbani ambayo ungepiga kwa tofauti ya saa tisa itakuwa saa nane. Mwambie mama mapema asikusubiri bure.

Nitakupokea. Nyumba yangu utaijua, ndiyo yenye miti michanga mistari mitatu upande wa magharibi. Ile mikubwa iliondoka 2020, hii niliipanda mwenyewe na mke wangu mwaka uliofuata, sasa imefika begani.